Tasa Hadi 11:20

Jumatatu, 1 Septemba

Masaa tisa na dakika arobaini! Nayaandika hapa nisije kesho nikadhani niliota.

Mtu mzima, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, amesimama mbele ya watu thelathini na kusema eti mashine namba mbili ya kujaza maziwa inasimama masaa tisa na dakika arobaini kila tunapoiosha na kuipiga mvuke. Kila tunapoiosha! Na mkuu wa kuosha ni mimi.

Ni mhandisi mgeni. Makao makuu wamemleta apunguze muda wa mashine kusimama. Vijana wameshampa jina, Stopuochi, maana anayo shingoni kama refa.

Meneja hakubisha. Aliandika tu. Mwisho akasema: ikifika tarehe 30 hatujashuka chini ya masaa matatu, kazi ya kuosha inapewa kampuni ya nje. Tuko sita. Mimi na watano wangu.

Nikanyoosha mkono. Nikasema hata tungeiosha kwa mswaki, masaa tisa hayafiki. Watu wakacheka. Stopuochi hakucheka.

"Mama, namba hazidanganyi."

Mimi! Miaka kumi na moja na mashine ile. Ilikuja hapa mtumba, nusu ya kengele zake hazilii, lakini ikikohoa tu najua ni valvu ya ngapi. Kiwandani wananiita Mama Mvuke. Leo nimeitwa mvivu kwa namba.

Jumanne, 2 Septemba

Mume wangu anasema nimesaga meno usingizini. Eti alidhani panya kaingia kwenye unga.

Mama yangu, anayeishi nasi, alikuwa anakunywa chai. Maziwa anayotia ni ya kwetu, katoni ya wafanyakazi. Akauliza kwani wanachotaka ni nini. Nikamweleza: tunaosha kwa kostiki, ile dawa kali inayochubua ngozi, halafu asidi, halafu maji, halafu mvuke wa moto mpaka taa ya kijani iwake na kuandika TASA. Yaani ndani hakuna kijidudu kilicho hai.

"Tasa," akasema, "na inazaa katoni elfu sita kwa saa. Ningekuwa na mkwe tasa wa namna hiyo!"

Mume wangu akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Sasa naandika, ndiyo nacheka kidogo.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku tatu nimepima. Kila hatua, dakika kwa dakika, kwenye daftari la mraba, kwa saa ya mkononi aliyoniachia marehemu baba. Dakika 220. Masaa matatu na dakika arobaini. Hayo tisa kayaokota wapi?

Lakini nimeona kitu, na kimenikasirisha kuliko Stopuochi mwenyewe. Katika hizo 220, dakika 84 hakuna anayeosha chochote. Tunasubiri! Kostiki inaanza kupashwa moto baada ya maziwa kuisha — tunakaa dakika 35 kama watu wanaosubiri ugali uive. Bwana Funguo wa stoo hayupo, raba za valvu ziko ndani, funguo ziko mfukoni mwake, mfuko uko kantini — dakika 20. Halafu maji ya mwisho ya kusuuzia yanapelekwa maabara, jengo la pili, na dada wa maabara anapima akimaliza mambo yake — dakika 29.

Miaka kumi na moja nimesubiri, na sikuwahi kujiuliza.

Basi: pasha kostiki wakati paleti za mwisho, zile chaga za katoni elfu moja moja, bado zinajazwa. Raba ziwekwe kwenye ndoo mwanzo wa zamu. Kifaa cha kupimia maji kiletwe mashineni. Mvuke usiguswe. Hata sekunde moja ya mvuke isiguswe!

Nimeandika vizuri, kurasa mbili. Shemeji amesoma. Huyu ni mdogo wa mwisho wa mume wangu, ndiye anayeendesha mashine ile zamu ya mchana. Mimi ndiye niliyemwombea kazi, mwezi wa tano. Bado yuko kwenye majaribio.

"Shem," anasema, "mwandiko mzuri hivi unampelekea Stopuochi? Ungempelekea kaka, labda angekununulia kanga."

"Kaka yako hajui kusoma dakika. Angejua, angekuwa anarudi nyumbani mapema."

Ijumaa, 5 Septemba



Nimempelekea Stopuochi kurasa zangu. Hakuzishika. Amefungua faili lake: karatasi zetu za usafi, miezi mitatu, kazipanga kwa rangi. Akaniwekea moja mbele.

"Mwandiko wa nani huu?"

Wangu. Kuanza: 4:10. Nimeandika kwa mkono kama ninavyoandika siku zote. Kumaliza: 13:50. Hiyo imechapwa na mashine, maana wakati wa kuosha printa yake huamka mvuke ukiisha tu.

"Saa kumi alfajiri na dakika kumi," anasema, "mpaka saba na dakika hamsini mchana. Masaa tisa na dakika arobaini. Sasa nani mwongo?"

Nikaangalia karatasi. Nikamwangalia yeye. Nikaangalia karatasi tena.

Saa nne na dakika kumi! Saa nne ASUBUHI! Mimi nimeandika saa yetu, mashine imeandika ya kwake, na huyu msomi kaitoa moja kwenye nyingine, miezi mitatu, karatasi baada ya karatasi, na hakuna hata siku moja aliyojiuliza mbona watu wanaanza kuosha alfajiri wakati geti linafunguliwa saa kumi na nusu!

Nikacheka. Vibaya, kwa sauti. Nikamuuliza: na zile za usiku? Tukianza saa nne usiku mashine inachapa 1:40. Ulipata nini hapo?

Zilimpa namba hasi, anasema. Aliziweka kando. "Data chafu."

Data chafu! Ukweli ulimjia na miguu yake miwili, akaufukuza kama paka!

"Nani siku hizi anaandika saa hivyo?" anauliza.

Kila mtu! Jana yeye mwenyewe aliniambia nije ofisini kwake saa tano. Nilikuja saa tano asubuhi. Mbona hakunisubiri alfajiri?

Akafunga faili. Sauti ikashuka, ikawa ya mtu anayekemea mtoto wa jirani. Ripoti imeshakwenda makao makuu. Haiwezi kurudi. Na kosa, ukilitazama sana, si lake, ni la uandishi.

Uandishi wa nani? Wangu.

Nimetoka nikaenda kusimama nyuma ya tangi la asidi, pale hakuna anayekuja. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hilo la mwisho lina chembe ya kweli. Safu mbili, saa mbili tofauti, kwenye karatasi moja. Na mimi ndiye ninayejiita mtu wa utaratibu.

Jumatatu, 8 Septemba

Tangazo limebandikwa. KUANZIA LEO SAA ZOTE ZITAANDIKWA KWA MFUMO WA MASHINE. Sahihi yake, kubwa kama ya gavana. Hakuna maelezo, hakuna mfano, hakuna mafunzo. Bwana Funguo kaandika kwenye kitabu chake kuwa amefungua stoo 18:30 asubuhi.

Na tagi pia. Mashine ikishapigwa mvuke ni tasa kwa masaa manne tu. Ikisimama tupu zaidi ya hapo, lazima mvuke tena. Huwa naning'iniza tagi mlangoni mwake: TASA HADI, halafu saa, halafu kama ni asubuhi au jioni. Muda ukipita kabla maziwa hayajaingia, aliyeitundika ndiye anayeitoa. Kengele ya mashine ya kuonya ilikufa kabla sijaajiriwa. Tagi ndiyo kengele.

Stopuochi kapita, kasoma, "saa tano asubuhi," kakata kwa kalamu nyekundu. Mbele ya watu wangu.

Habari njema moja: Meneja kasoma kurasa zangu. Jaribio ni Jumatano.

Jumatano, 10 Septemba

Dakika 141!!

Kostiki ilikuwa inachemka kabla katoni ya mwisho haijatoka. Ndoo ya raba miguuni. Dada wa maabara alikuja mwenyewe na kifaa, akakaa juu ya kreti, akasema kumbe huku kuna hewa nzuri kuliko kule. Ningefika 136, ila fundi umeme alikwenda kujibu simu ya mama mkwe wake, na simu ya mama mkwe haikatwi.

Mvuke: dakika zote thelathini. Nilisimama hapo nikihesabu.

Watu wangu walipiga makofi. Nilikuwa na furaha kwa muda unaotosha kunywa soda.

Ijumaa, 12 Septemba

Hakuna soda tena.

Ubao mpya karibu na geti. KUTOKA MASAA 9 DK 40 HADI MASAA 2 DK 21. Mshale mwekundu unashuka kama mtu anayeruka kutoka ghorofani. Chini, jina lake na cheo chake. Langu halipo. Hilo ningemeza. Lakini hizo tisa na arobaini! Anajua! Nilimwonyesha kwa kidole! Anajua si kweli, na sasa ndizo zinazombeba. Kosa lile lilipokuwa linatuchoma sisi liliitwa ushahidi. Limeanza kumfaa yeye, linaitwa ushindi.

Nilikwenda kwa Meneja. Nikamwambia tumepunguza dakika 79, na dakika 79 ni nyingi, ni za kweli, zinatosha kujivunia. Akachezea kifuniko cha kalamu. Kampuni ya nje haiji tena, akasema, mmesalimika, unataka nini zaidi? Makao makuu wanaagiza viwanda vingine vyote vipunguze robo tatu, kama sisi.

Robo tatu! Dakika 220 zao zishuke hadi 55? Wataitoa wapi robo tatu hiyo? Kwenye mvuke! Hakuna pengine! Watapunguza mvuke, na maziwa yatavimba kwenye katoni huko sijui wapi, kwa sababu mimi niliandika 4:10.

"Umeshinda, Mama Mvuke," Meneja ananiambia. "Shinda taratibu."

Kilemba cha ukoka hicho. Siking'ang'anii.

Jumapili, 14 Septemba

Mume wangu ameomba tusizungumze kiwanda siku moja. Nimekubali. Nimefua mapazia yote. Ameniuliza yamekosa nini.

Jumanne, 16 Septemba

Siku ya ovyo mwanzo hadi mwisho.

Tulianza kuosha 5:00 — saa kumi na moja alfajiri, kwa binadamu. Taa ya TASA ikawaka 7:20. Dakika 140, na hakuna aliyepiga makofi, tumezoea. Masaa manne: hadi 11:20. Nilishika kalamu niandike "asubuhi", kama zamani. Nikamkumbuka na kalamu yake nyekundu. Nikaacha. Nimeandika 11:20, tupu, herufi kubwa. Wanataka saa ya mashine? Wapate saa ya mashine.

Halafu hakuna maziwa. Lori la maziwa mabichi limeharibikia njiani. Hiyo ndiyo faida ya kuosha haraka: mashine inakaa tayari, imevaa, inasubiri bwana harusi. Mwendeshaji wa zamu ya asubuhi akatumwa kwenye mashine namba moja.

Saa tano na robo wakaja kutuita tukapige picha mbele ya ubao. Wageni wa makao makuu wanakuja Alhamisi kuona muujiza kwa macho yao. Mimi nisimame nyuma ya Stopuochi, kushoto, nishike ndoo ya raba. Ndoo yangu! Nikasema tumbo linaniuma. Nikakaa stoo kwa Bwana Funguo, juu ya gunia, mpaka saa saba, nikimsikiliza akilalamikia mguu wake mbaya. Sikushuka mashineni tena. Sikutaka kuona sura ya mtu.

Getini nimepishana na shemeji akiingia zamu.

"Shem, mbona umenuna? Picha imetoka vibaya?"

"Tumbo."

"La wivu au la kawaida?"

Nikampiga kofi la bega. Akasema lori limefika, leo atajaza mpaka mashine iombe msamaha.

Jumatano, 17 Septemba

Nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo cha wanawake. Naandika haraka.

Nimeingia alfajiri. Tagi bado inaning'inia. TASA HADI 11:20. Mwandiko wangu. Chini yake karatasi ya printa: kujaza kumeanza 13:30, kumeisha 18:00.

Nilisoma mara tatu.

Muda ulikwisha saa tano na dakika ishirini asubuhi. Tagi nilitakiwa kuitoa mimi, na saa ile mimi nilikuwa nimenuna juu ya gunia. Shemeji alikuja saa saba, akasoma 11:20, akaona ni saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, bado yuko ndani ya muda. Maziwa yakaingia kwenye mashine iliyokaa tupu masaa sita. Paleti ishirini na saba.

Nilimpigia simu, alikuwa bado amelala. Amekuja na shati limegeuzwa.

"Shem, tangazo nililiona. Lakini ilikuwa saa saba! Tagi iliyokwisha huwa haipo. Ningejuaje?"

Kweli, angejuaje.

Nikamwambia naziwekea paleti zote mkanda mwekundu, zimwagwe, naandika ripoti. Akakaa juu ya kreti la dada wa maabara. Hakulia, ila alizungusha kofia mkononi, akaizungusha, akaizungusha.

"Niko kwenye majaribio, shem. Ulinipitisha mlangoni, leo unitoe kwa dirisha?"

Nikamwambia jina la kwanza kwenye ripoti litakuwa langu. Akasema, langu la pili linatosha kunifukuzisha.

Saa mbili Stopuochi akafika. Nilimweleza yote. Nilidhani atapiga kelele. Heri angepiga. Aliitoa tagi mlangoni, akaiangalia sana, halafu uso wake ukalainika kama wa mtu aliyeokota kitu.

"Lakini hii," anasema, "si 11:20 jioni?"

Nikasema unajua siyo.

"Watu wa hapa ndivyo wanavyoandika. Wewe mwenyewe ulinifundisha." Akanipa kalamu. Ile ile nyekundu. "Ongeza neno moja. 'Jioni'. Mashine ilikuwa tasa, maziwa ni mazima, shemeji yako anabaki, Alhamisi wageni wanaona stoo imejaa. Neno moja, mama."

Na printa? Printa inasema mvuke uliisha 7:20.

"Ya printa niachie mimi."

Shemeji alikuwa amesimama pale pale. Aliangalia kalamu tu.

Nikachukua tagi, nikachukua kalamu, nikasema naenda msalani.

Dada wa maabara anasema huenda hayana kitu. Huenda. Katoni mbili kwa kila paleti zinawekwa chumba cha joto siku saba, zikivimba tutajua. Mbili kwa elfu! Na zile mia tisa tisini na nane nyingine? Moja yao iko njiani kwenda kwenye chai ya mama yangu, na ya mama wa mtu nisiyemjua.

Hasira yote ya wiki mbili naitafuta hapa nimrushie mtu usoni, na kila nikiigeuza inarudi kwenye 11:20 hii. Nilijua pengo lilipo. Ni mimi niliyeligundua! Nikaliacha wazi makusudi, ili mtu ajikwae. Nilitaka ajikwae Stopuochi.

Anagonga. "Mama Mvuke? Neno moja tu."

Kuna nafasi mbele ya namba, upande wa kulia, inatosha neno. Nimeweka tagi juu ya goti.

Sasa ni 8:50. Saa mbili na dakika hamsini asubuhi. Naandika zote mbili. Kalamu nyekundu hii inaandika vizuri. Kwenye tagi nimeshaandika "asu" na